Maneno 650 na Stara ya Mama

Walimu wa sekondari tunaowasaidia vijana kuomba vyuo Marekani tunaijua vizuri fomu moja inayoitwa Common App. Vyuo zaidi ya 1,000 vinaipokea. Ndani yake, baada ya alama za mtihani, majina ya wazazi, kazi zao na kiwango chao cha elimu, kuna sehemu inayomtaka mwombaji aandike insha isiyozidi maneno 650 kuhusu nafsi yake. Anapewa mada saba, achague moja. Mojawapo inamtaka asimulie kikwazo, pigo au kushindwa alikokutana nako, na alichojifunza. Vijana wetu karibu wote wanaikimbilia hiyo. Hawajaambiwa na mtu. Wanajua tu, kama muuza maji wa stendi anavyojua basi lipi limetoka mbali.

Nyenzo za walimu nilizozisoma, na nimesoma nyingi, zinapita kando ya swali ninalotaka kuliuliza hapa. Je, ni halali kumfundisha kijana wa miaka kumi na minane kuuza kidonda chake? Na kama kidonda chenyewe si chake peke yake, ni cha mama, cha baba, cha nyumba nzima, ruhusa katoa nani?

Nisieleweke vibaya, nyenzo hizo zina faida. Zinamwonyesha mwalimu mwezi wa kujiandikisha kwa mtihani wa SAT, namna ya kuomba msamaha wa ada ya maombi, namna ya kuandika wasifu wa shule. Huo wasifu wa shule ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Mtu aliyekaa ofisini Massachusetts akiona mtoto wa Kidato cha Sita ana "daraja la kwanza, pointi 3", atajuaje kwamba 3 ndiyo juu kabisa, hakuna kupita hapo? Kwake 3 inaweza kuonekana kama aibu. Ukurasa mmoja wa maelezo unaweza kumwokoa mtoto, na shule zetu nyingi hazina mshauri wa kuuandika. Anaandika mwalimu wa taaluma, usiku, kwa bando lake mwenyewe.

Tatizo langu ni lile fungu la "insha za mfano zilizofaulu". Kila mkusanyo wa nyenzo unalo. Kijana anasoma insha kumi za watu waliopokelewa, na hajifunzi kuandika. Anajifunza bei. Anaona kwamba aliyefiwa kapata, aliyekimbia vita kapata, aliyelala njaa kapata. Anarudi nyumbani anapekua maisha yake kama mtu anayetafuta kitu cha kupeleka mnadani.

Kwa malezi yetu hapo pana mgogoro. Sisi tumekuzwa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto anayejisifu mbele ya wakubwa anatazamwa kwa jicho la pembeni, na mtoto anayetoa nje mambo ya ndani ndiyo kabisa. Stara kwetu ni zaidi ya kuona haya. Ni wajibu. Unamsitiri mzazi, unamsitiri jirani, hata maiti husitiriwa. Halafu siku moja inakuja fomu inayosema: tuambie jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu, na uliambie vizuri.

Utaniambia, mbona hata hapa nyumbani tunawadai vijana ushahidi wa umaskini? Kweli. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inataka makaratasi. Umefiwa na mzazi, leta cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Kaya yenu inahudumiwa na TASAF, leta uthibitisho. Fomu ipite serikali ya mtaa, ipigwe muhuri. Foleni zile zina udhalili wake, nimesimama nazo na wanafunzi wangu juani. Lakini kuna kitu nimekuja kukiheshimu katika ule ukavu wa kikaratasi. Bodi inataka kujua kama baba amefariki, basi. Haitaki umwelezee alivyokuwa akikohoa. Haitaki sentensi ya mwisho yenye matumaini. Umaskini wako inauhesabu tu, haikuombi uupambe.

Na Marekani ni jambo la kweli, si ndoto ya kuchekwa. Gharama ya mwaka mmoja kwenye vyuo vikubwa binafsi imevuka dola 80,000. Vipo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, vinavyoamua kumpokea mwanafunzi wa kigeni bila kutazama kama ana uwezo, kisha vinabeba pengo lote. Mtoto wa mkaanga samaki akiingia hapo, ukoo mzima umebadilika. Kwa hiyo mwalimu anayejifanya msafi, akasema mimi sishiki insha za namna hiyo, anajisafisha kwa maji ya mtu mwingine.

Nilimsaidia binti mmoja hapa Tanga. Mama yake anakaanga vibua jioni barabarani. Rasimu yake ya kwanza, kwa Kiingereza, ilikuwa na vumbi, miguu pekupeku na kilomita kumi za kwenda shule. Nikamwambia, wewe umezaliwa mjini, shule yako ya msingi ilikuwa mtaa wa pili, hizo kilomita umezitoa wapi? Akanitazama bila wasiwasi wowote: "Mwalimu, ndivyo walivyoandika waliopata."

Nikamwomba afunge kompyuta aandike kwa Kiswahili, kwa mkono, kama anamsimulia shangazi yake. Hiyo ndiyo nyenzo pekee niliyonayo ambayo sijaikuta kwenye kitini chochote, na nitaitetea mbele ya yeyote. Kwa Kiingereza mtoto anamwandikia hakimu. Kwa Kiswahili anajua anayemsikia, anajua huyo mtu atamkatiza wapi na kumwambia "acha uongo". Vumbi lote lilipotea kwa siku moja.

Alichoandika kilikuwa daftari la madeni. Tangu darasa la tatu yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia mama yake wanaokula kwa mkopo: Baba Shukuru wa bodaboda, dada wa saluni, fundi redio. Alijifunza kutoa na kujumlisha hapo, lakini alijifunza na jambo lingine. Wako watu ambao mama alimwambia, "Huyo usimwandike." Mama mmoja mwenye mgonjwa nyumbani, kwa mfano, alikuwa anachukua samaki wawili kila Alhamisi na jina lake halikuwahi kuingia. Mtoto akauliza, sasa hesabu itakaaje sawa? Mama akasema haitakaa. Binti alikuwa na kurasa mbili za kuhangaika na hesabu isiyokaa sawa, na hakuna mahali alipoomba huruma.

Katikati ya kurasa hizo palikuwa na aya moja kuhusu baba yake, jinsi alivyoondoka, na kilichotokea kwa kibubu cha akiba siku aliyoondoka. Iliandikwa vizuri kuliko zote. Mimi nasoma vitabu, ninaandika hapa kuhusu vitabu, najua aya nzuri nikiiona. Na nilijua pia kwamba msomaji wa ofisini kule angesimama hapo.

Nikamuuliza, mama anajua? Akanyamaza. Tukaenda kwa mama jioni, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, moto unawaka. Nilimsomea yote. Alicheka kwenye daftari. Kwenye aya ya baba akaendelea kugeuza samaki, kisha akauliza, "Mwalimu, watakaosoma hayo ni wangapi?"

"Wawili, watatu hivi, mama."

"Wa huko huko?"

"Wa huko huko."

Akafikiri. "Ya samaki andikeni. Ya baba yake yaacheni. Huyu bado ana mashangazi upande ule."

Tukaitoa. Vyuo sita vilimkataa binti yule, kimoja kikamkubali bila fedha ya kutosha, ambayo kwa mtoto wa mkaanga samaki ni kukataliwa kwa lugha ya adabu. Sasa anasoma chuo kikuu Dar es Salaam kwa mkopo wa Bodi. Mwenzangu mmoja wa ofisini aliniambia waziwazi kwamba nimemkosesha mtoto Marekani kwa sababu ya aya moja, na hoja yake si ya kupuuzwa. Alisema hivi: mwizi ana stara gani? Baba aliyeondoka na kibubu amejivua nguo mwenyewe, mtoto akisema aliyoyaona hamvui mtu. Tena, akasema, wasomaji wenyewe wako bara jingine, hawatakanyaga Tanga maisha yao yote. Stara inavunjwaje na mtu asiyekujua, asiyekusalimu, asiyeweza kukucheka msibani?

Nimeitafakari hoja hiyo muda mrefu. Ya mwizi naikubali nusu. Mtoto ana haki ya kusema alichotendewa, na utamaduni unaomnyamazisha kwa jina la stara umeficha uovu mwingi. Kila mwalimu aliyekaa na wasichana shuleni analijua hilo. Endapo binti angekuja kwangu na habari ya kupigwa au kuingiliwa, nisingetafuta ruhusa ya mtu, ningetafuta ustawi wa jamii. Lakini aya ile haikuwa malalamiko. Hakuna aliyekuwa anashtakiwa, hakuna aliyekuwa anaokolewa. Ilikuwa inawekwa kwenye mizani ya fedha. Na mama hakumtetea mumewe hata kidogo. Alizungumzia mashangazi, yaani watu ambao binti atawahitaji siku ya posa na siku ya msiba. Alikuwa analinda mali ya mtoto ambayo fomu haina kisanduku chake.

Ya pili, ya wasomaji wa mbali, ndiyo inayonisumbua zaidi, maana inaonekana ina akili. Ila umbali ndio unaorahisisha biashara yenyewe. Binti angejifunza kwamba maumivu ya nyumbani yanabadilishwa kuwa fedha mahali ambapo hakuna anayekujua, na angejifunza hilo kutoka kwa mwalimu wake, akiwa na miaka kumi na minane, kwa mafanikio. Somo la namna hiyo halisahauliki.

Kuna wanaoniambia kwamba insha ndiyo haki ya maskini, kwamba bila hiyo vyuo vingetazama alama tu. Historia yake haina unyoofu huo. Jerome Karabel ameieleza kwa kirefu katika kitabu chake The Chosen cha mwaka 2005. Miaka ya 1920 mkuu wa Harvard, A. Lawrence Lowell, aliona Wayahudi wamezidi mmoja kati ya watano chuoni, nao walikuwa wanaingia kwa alama. Ndipo vyuo vile vikubwa vikaanza kusisitiza "tabia" na nafsi ya mwombaji, vikadai picha, barua za mapendekezo, hata kuuliza kama jina la baba limewahi kubadilishwa. Kumtaka mtu ajieleze kulikuwa namna ya kuchagua nani aachwe nje. Karne moja baadaye chombo kilekile kimegeuzwa kimfungulie mlango aliyefungiwa. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilipozuia vyuo kutumia rangi katika kupokea wanafunzi, ilisema bado mwombaji anaweza kueleza kwenye insha jinsi rangi ilivyoathiri maisha yake. Kwa maneno mengine, chuo kisikuhesabu, wewe ujisimulie. Uzito uliokuwa kwenye takwimu umehamia kwenye mabega ya kijana na kalamu yake.

Kinachofuata hakishangazi. Mwaka 2018 gazeti la New York Times lilifichua shule moja ndogo ya Louisiana iliyokuwa ikiingiza watoto weusi kwenye vyuo vikubwa kwa kughushi rekodi na kutia chumvi, wakati mwingine kubuni kabisa, hadithi za mateso yao. Nilipoisoma habari ile sikuwaza walimu wale. Niliwaza watoto walioambiwa kwamba maisha yao halisi, yaliyokuwa na baba mwenye kazi na chakula mezani, hayatoshi kwa sababu hayajachakaa vya kutosha.

Halafu kuna Nairobi. Maelfu ya vijana wa Kenya waliomaliza chuo wakakosa ajira wanaandika kazi za masomo za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo, na filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, imewaonyesha wakiwa kazini usiku. Hebu nipe dakika nikae na jambo hili. Huku mimi najiuliza kama ni haki kumwekea mwanafunzi wangu nukta mahali alipoisahau. Kule kijana wa Nairobi, ambaye insha yake mwenyewe haikumfikisha popote, anamwandikia tajiri wa Boston yote kuanzia kichwa hadi hitimisho. Kwenye mlango mmoja tunatakiwa tulete nafsi zetu mbichi, kwenye mlango wa nyuma akili zetu zinanunuliwa kwa ukurasa. Na sasa programu za akili mnemba zinawaandikia wote, tajiri na maskini, insha ileile yenye bibi mwenye hekima na machweo. Siku hizi nikikuta machweo namrudishia kijana bila kusoma zaidi.

Mwalimu mwenzangu akiniuliza atumie nini, kwanza namwambia aziweke kando zile insha zilizofaulu. Awape vijana Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, waone jinsi mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu mjini, hadi akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo, anavyosimuliwa na umaskini wake ukiwa wazi na heshima yake ikiwa palepale. Awape Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, wasome alivyoandika kufiwa na mkewe Amina: huzuni ipo, lakini msomaji halazimishwi kulia. Awape Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi, kijana anayetoka Unguja kutafuta elimu ughaibuni na bado anaweza kujicheka. Vitabu hivi havifundishi muundo wa Common App hata kidogo. Vinafundisha kipimo cha kusema.

Rasimu ya kwanza iwe ya Kiswahili. Ikishatulia ndipo iende kwenye Kiingereza, na hapo mwalimu asahihishe lugha bila hofu, maana lugha ya tatu si tabia ya mtu. Na kabla haijatumwa, kila mtu aliye hai ndani ya insha asomewe sehemu yake.

Barua ya mwalimu nayo ina mtego wake, nitaigusa tu. Fomu inanitaka nimpange mtoto: wa kawaida, mzuri, katika asilimia 10 bora, asilimia 5, au katika wachache bora kabisa niliowahi kukutana nao. Nasikia shule za huko zinajaza kisanduku cha mwisho kama zinavyojaza tarehe. Mimi nimekitumia mara mbili katika miaka kumi na moja, na wapo wazazi wasionisalimu.

Hilo la kusomewa limeniletea jambo nisilolitarajia. Mwaka uliofuata kijana mmoja alitaka kuandika kuhusu kaka yake aliyekuwa teja, unga, miaka minne, na jinsi yeye alivyokuwa akimfuata usiku kumrudisha nyumbani. Nikasema lilelile, kaka asomewe kwanza. Moyoni nilishajua jibu. Kaka alikuja shuleni mwenyewe, amevaa shati la mikono mirefu kwenye joto la Februari, akakaa kwenye dawati la mbele, mdogo wake akawa anamsomea Kiingereza na kumtafsiria kipande kwa kipande. Alisikiliza hadi mwisho. Nikamwambia, kaka, ukitaka tunatoa, au tunabadilisha jina.

"Jina wekeni," akasema. "Ila hapo kwenye Ramadhani mmekosea. Ilikuwa Mfungo Mosi, sikukuu imeshapita, watu wamesharudi kazini. Ndiyo maana hakukuwa na mtu nyumbani."

Mdogo wake akafungua kompyuta akarekebisha. Maneno yakapanda kutoka 649 hadi 652, tukaanza kutafuta mawili ya kutoa.